Injini mpya inapogonga: mshuku kwanza mkono ulioifunga

"Fundi, umenirudishia injini yangu au umenitilia kinu?"

Mama mwenye matatu alisimama mlangoni mwa karakana yangu, Magongo, leso kaifunga kiunoni. Nyuma yake Hiace yake ya dizeli, injini ya 5L, ilikuwa ikigonga ndu, ndu, ndu, kama mtu atwanga kisamvu. Nilimkabidhi gari lile siku mbili kabla, injini nimeifungua na kuifunga upya. Kranki, ule mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni, imesagwa, beringi mpya, ringi za pistoni mpya, hedi, yaani kichwa cha injini, imeskimiwa, yaani imelainishwa uso. Nikamwomba aniachie hadi jioni. Nikajilaza chini, nikamwaga oili, nikashusha sampu, lile beseni la oili, nikafungua kepu za konrodi, yaani vifuniko vya mikono inayounganisha pistoni na kranki, moja baada ya nyengine. Beringi zote safi, hazina hata mkwaruzo. Nikafunga, nikatia oili, nikawasha. Ndu, ndu, ndu.

Aliyenitoa ni kijana wangu wa kazi. Alikuwa kwenye kiti cha dereva, akakanyaga klachi bila kuambiwa, na mlio ukafifia. Akaachia, ukarudi. Tukashusha gia boksi usiku kwa taa ya mkono. Boliti za flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya kranki, zilikuwa zimelegea, mbili kati yake nikazizungusha kwa vidole. Hapo nikakumbuka: nilikuwa nimeshazitia kwa mkono tu, ikaadhiniwa adhuhuri, nikaenda kuswali, na niliporudi nikaendelea moja kwa moja na sahani ya klachi. Hakuna beringi iliyokosa siku ile. Aliyekosa ni mimi.

Tangu hapo sifuati tena ile njia tuliyofundishwa ya kusikiliza injini kuukuu. Injini ya kilomita laki tatu ikigonga, kuna kitu kimelika, na mara nyingi kiko ndani. Injini iliyofungwa juzi ikigonga, hakuna kilichopata muda wa kulika. Kuna kitu kilichosahauliwa, kilichogeuzwa, kilichokazwa nusu, au kilichouzwa kwa saizi siyo. Kwa hiyo swali la kwanza si "ni nini kimeharibika?" bali "ni nini kiliguswa, na nani alikigusa mwisho?" Chukua karatasi uandike kila kilichofunguliwa. Mimi huandika ukutani kwa chaki.

Vyombo

Sikio langu la kushoto halifanyi kazi. Grenda limelimaliza. Kwa hivyo nasikilizia mfupa. Nina ufito mkavu wa mkandaa, urefu wa mkono mmoja, ncha moja naiweka kwenye chuma na nyengine kwenye mfupa wa nyuma ya sikio zima. Mkandaa ni mti mgumu, sauti hupita ndani yake bila kupotea. Bisibisi ndefu pia yafaa, lakini siku itakapokuteleza karibu na feni utajua kwa nini napenda mti. Kunja mikono ya shati, vua saa, na ukiwa umevaa kanzu kwa sababu ni Ijumaa, ngoja Jumamosi.

Kipande cha mpira wa maji, futi tatu hivi, ni cha kutafutia hewa inayovuja: ncha moja sikioni, nyengine uitembeze. Mengine ni geji ya presha ya oili ya kufunga kwenye tundu la swichi, sumaku, na taa ya taimingi, ya kuangalia wakati cheche inapopiga, ukiweza kuazima.

Kwanza presha, masikio baadaye

Kama injini inagonga na taa ya oili imewaka, zima. Usiongeze moto, yaani mizunguko ya injini, "tuisikie vizuri". Na taa isipowaka usitulie bado, maana ile swichi huiwasha taa presha ikiwa imeshashuka karibu kwisha. Toa swichi, funga geji. Kipimo cha mafundi ni presha ya psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya kranki kwa dakika. Injini ikiwa moto, kwenye mizunguko 3,000 nataka kuona si chini ya 30. Kitabu cha injini yako kikisema vyengine, fuata kitabu.

Jambo hili lilipaswa kufanywa kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Injini iliyotoka kufungwa ni kavu. Ya petroli, toa fyuzi ya pampu ya mafuta. Ya dizeli, chomoa waya wa swichi ya kukata mafuta. Piga stata sekunde kumi, pumzisha, rudia mpaka geji ipande. Ukiwasha baada ya hapo, kelele za tapeti, zile zinazosukuma valvu, za sekunde chache za mwanzo hazina neno. Zikipita dakika mbili tatu, hizo ni habari.

Kuna presha moja ambayo nataka uitambue, kwa sababu ilinipa shida kwenye Probox ya dereva wa teksi aliyefungiwa injini mahali pengine. Asubuhi inawaka kimya. Ikishapata moto na akakimbia kidogo, juu kunaanza kulia, kisha chini kunaanza kugonga. Akisimama robo saa na kuizima, inapona. Nilifunga geji nikaona jambo la ajabu: kadiri nilivyoongeza moto, presha ilishuka badala ya kupanda. Hiyo ni pampu inayotaka kunywa na haipati. Tulishusha sampu. Chujio la pampu lilikuwa limejaa nyuzi nyekundu za silikoni, kama tambi za futari zisizotiwa nazi. Fundi aliyefunga alipaka silikoni kwenye sampu kama mtu apaka siagi mkate. Inayobaki nje unaiona na kuisifu, inayobanwa ndani hukatika na kwenda na oili. Utepe wa milimita mbili tatu unatosha, na unazungushwa upande wa ndani wa matundu ya boliti. Angalia pia ringi ya mpira au gasketi ya bomba la chujio: ikikosekana, pampu inavuta hewa, na hewa haibebi kranki.

Mdundo

Kamshafti, mhimili unaofungua valvu, huzunguka mara moja kila kranki ikizunguka mara mbili. Kila kitu cha juu, yaani valvu, tapeti na rokaamu, hugonga nusu ya mwendo wa kranki. Injini ikiwa kwenye mizunguko 800 kwa dakika, kranki inapita zaidi ya mara 13 kwa sekunde, kamshafti mara sita na kitu. Mara sita unaweza kuifuata kwa kidole mezani. Kumi na tatu huwezi, itakuwa mvumo.

Kwenye gari lenye distribyuta, funga taa ya taimingi kwenye waya wa plagi namba moja. Taa itamulika mara moja kila mizunguko miwili. Mlio mmoja kwa kila mmuliko, tazama juu. Miwili kwa kila mmuliko, tazama chini: kranki, konrodi, flaiwili, puli. Lakini usimnyonge mtu kwa mdundo peke yake. Pistoni inayopiga ukuta wa silinda hulia zaidi wakati wa moto kuripuka, ambao nao huja mara moja katika mizunguko miwili. Konrodi nayo kuna siku hufanya hivyo hivyo.

Anzia nje

Ondoa mikanda yote ya nje, washa kwa nusu dakika, zima. Usizidishe, kwa sababu pampu ya maji nayo mara nyingi imesimama, na joto letu hili la Mombasa halina subira. Mlio ukitoweka, mtafute kwenye alteneta, pampu ya maji, kompresa ya AC au puli ya kukaza. Shika puli ya kranki uitikise: boliti yake ikiwa haikukazwa sawasawa hugonga kama konrodi kabisa, na ikiachwa inakula mfereji wa kabari ya kranki uliyotoka kulipia kusagwa. Kanyaga klachi na kuiachia, umeshaona kwa nini. Kwenye gari la otomatiki, sahani inayounganisha kranki na gia boksi huweza kupasuka au kulegea boliti, na mlio wake umewapeleka watu wengi kununua injini nyengine bure.

Halafu eksozi. Mlio huu hudanganya kuliko yote, kwa kuwa unafanana na tapeti mithili ya pacha. Tik-tik-tik asubuhi injini ikiwa baridi, ukivuka daraja la Nyali chuma kimeshapanuka na tundu limejiziba, mlio hakuna. Kawaida ni gasketi ya manifoldi iliyorudishwa ya zamani "kwa sababu bado nzuri". Injini ikiwa baridi, paka maji ya sabuni kwenye maungio, mwenzako awashe, angalia mapovu. Au mwambie azibe bomba la nyuma kwa kitambaa kilichorowa kwa sekunde chache: mlio wa eksozi utakuwa mkubwa na wenye pumzi, tapeti haitajali. Baada ya siku kadhaa utaona hata masizi yamechora mstari mweusi.

Juu

Tapeti zinazolia kama cherehani, sawasawa, bila moja kuizidi nyengine, mimi huziacha na kulala usingizi. Ninayoiogopa ni injini iliyonyamaza kabisa juu. Valvu iliyobanwa haikai kitini, haipozi, na inaungua. Mteja anapenda kimya, na fundi mwenye haraka humpa kimya kwa kubana tapeti. Baada ya mwezi silinda moja haina nguvu.

Pima nafasi ya valvu kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia, injini ikiwa baridi. Kwenye 5L valvu za kuingiza ni milimita 0.20 hadi 0.30, za kutoa 0.40 hadi 0.50. Kwenye 4A-FE ya Corolla, kuingiza 0.15 hadi 0.25, kutoa 0.20 hadi 0.30. Na baridi maana yake imelala usiku kucha. Gari lililoanikwa juani Changamwe saa saba mchana bila kuwashwa, mimi silihesabu kuwa baridi. Pima alfajiri.

Ikiwa injini ina cheni ya taimingi na inachakacha upande wa mbele kila inapowashwa, uliza kama tenshena, ile inayoikaza cheni, iliachiliwa pini yake wakati wa kufunga. Ukanda wa taimingi uliokazwa kupita kiasi haugongi, unalia uuu kama mbu, na sauti hupanda na mizunguko.

Chini

Hapa ndipo hela zilipo, kwa hiyo nenda polepole.

Konrodi: pandisha moto hadi 2,500, shikilia, kisha legeza pedali kidogo kidogo. Beringi ya konrodi iliyo na nafasi hulia zaidi pale kati, wakati injini haivuti wala haijaachia. Ko-ko-ko, kavu, ya haraka. Kranki yenyewe hulia nzito zaidi, ya chini, kama msondo uliosikika kutoka mtaa wa pili, na huja ukiibebesha mzigo. Pini ya pistoni hupiga mbili mbili, tak-tak, tak-tak, injini ikiwa kwenye moto mdogo.

Sasa zinyime silinda kazi moja moja. Kwenye petroli ya kisasa chomoa soketi ya injekta. Usichomoe waya wa plagi injini ikiwaka, utapigwa na umeme na koili inaweza kufa. Kwenye dizeli ya kizamani kama 5L, legeza nati ya paipu inayoingia kwenye nozo, ile inayonyunyizia dizeli, nusu mzunguko, uizungushie kitambaa na uso uwe mbali. Dizeli ya presha inapenya ngozi na si jambo la mzaha. Silinda uliyoinyima ikanyamazisha mlio, au ikaupunguza sana, umempata mwenye nyumba. Zote nne zisipobadilisha kitu, rudi nje, au fikiria beringi za kranki.

Ukishamjua, fungua kepu hiyo moja na usome. Naam, usome. Geuza ile beringi uangalie mgongo wake kwa tochi. Nilipata moja ambayo boksi lake limeandikwa 0.50, kranki imesagwa 0.50, lakini mgongoni mwa chuma pamechapwa STD, saizi ya kranki isiyosagwa. Duka lilichanganya, au boksi lilichanganywa kabla halijafika dukani, Mungu ajua. Nami nilifunga kwa kuamini karatasi. Nusu milimita ni shimo kubwa. Siku hizi hakuna beringi inayoingia kwangu kabla kijana hajanisomea mgongo wake kwa sauti. Angalia pia namba za kepu na konrodi: kepu ya namba mbili kwenye konrodi ya namba tatu, au kepu iliyogeuzwa, itakaza vizuri na itagonga vizuri.

Pistoni nayo ina mshale au kitone kichwani, na kinatazama mbele, upande wa taimingi. Tundu la pini mara nyingi haliko katikati kabisa, limesogezwa kidogo kwa makusudi ili pistoni isipige kofi ukuta inapogeuza njia. Ukiigeuza, unapata hilo kofi. Mlio wake ni mtupu, kama kubisha kifuu kwa kifuu, mkubwa asubuhi na mdogo injini ikipata moto. Kama mishale yote imekaa sawa na bado inabisha, rudi kwa waliochimba silinda na umwombe aliyechimba apime mbele yako, juu, kati na chini. Wengi hupima juu tu.

Dizeli ina balaa lake. Pistoni hutokeza kidogo juu ya bloku, na gasketi ya hedi huuzwa kwa unene tofauti kulingana na kimo hicho. Ukifunga nyembamba mahali pa nene, pistoni yaweza kubusu hedi au valvu: tak kali, ya chuma kwa chuma, tangu mara ya kwanza kuwasha, na haipungui kwa moto. Ndiyo maana kabla ya kuwasha injini yoyote, zungusha kranki kwa spana mizunguko miwili kamili. Ukihisi kizuizi, simama. Mkono utagundua kwa upole kile ambacho stata ingekivunja.

Barabarani

Kuna mlio usiotoka karakana. Mimi hupeleka gari Shimanzi kwanza, kando ya kuta ndefu za magodauni, dirisha wazi, gia ya pili, polepole. Ukuta hukurudishia sauti ambayo boneti linakuficha. Kisha Miritini, na kupanda Mazeras. Ikiwa kwenye kilima unasikia shilingi ndani ya kopo, na ukilegeza mguu zinanyamaza, hizo si chuma. Ni moto unaoripuka kabla ya wakati. Hedi iliyoskimiwa sana huongeza mgandamizo, na taimingi iliyowekwa kwa kukisia humalizia. Rudisha taimingi nyuma, jaribu tena kilima kile kile. Kwenye dizeli, ikiwa silinda moja tu inapiga, shuku nozo. Zikipiga zote, shuku taimingi ya pampu.

Baada ya kilomita 500 mwaga oili na ukate filta. Usitumie msumeno, chenga zake zitakudanganya. Tandaza karatasi ya ndani kwenye gazeti, juani. Vumbi kidogo la chuma linaloruka kwenye sumaku ni ringi na silinda zinajuana, lisikutishe. Magamba yanayong'aa kama ya dagaa, yasiyoshikwa na sumaku, ni beringi. Ukiona rangi ya shaba, usiwashe tena, hata kama haigongi.

Hiace ya yule mama nilimrudishia asubuhi ya pili bila kumdai hata senti. Hakunisemesha. Alipanda, akawasha mwenyewe, akapiga moto, akainamisha kichwa kama mimi ninavyofanya na ufito wangu. Akazima.

"Kule kumekwisha," akasema. "Na huu mwengine?"

Ulikuwa mlango wa abiria.